Nukta Mbili Nyekundu

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilivyofika kwenye gereji ya Naftaly kule Kawangware. Diploma ya ufundi wa magari, mwaka mzima wa kukaa bure nyumbani Kisumu Ndogo, kisha jirani yetu Tonny akanipeleka kwa bosi wake na kumwambia, "Huyu anajua kazi. Ni vile tu haongei." Wiki jana niliishia pale gari jekundu la Mzee Gikonyo lilipoingia getini, na Naftaly akaninyooshea kidole mimi badala ya wanaume.

Leo nasema kilichofuata.

Tonny hana tena vidole viwili vya mkono wa kulia. Sehemu ya kosa hilo ni yangu.

Gari lenyewe ni la viti viwili, na injini yake imekaa nyuma ya viti. Kifuniko cha injini kilikuwa kinaegemezwa kwa fimbo, kile chuma chembamba unachokiinua na kukichomeka kwenye tundu. Lakini Mzee Gikonyo alikuwa ameongeza spoila kubwa, lile bawa la urembo, juu ya kifuniko, na uzito wake ulifanya fimbo iteleze kila upepo ukivuma.

"Nataka shoki za gesi," akasema. "Nifungue na kidole moja, ijiinue yenyewe, kama gari za kisasa."

"Itajiinua, Mzee," Naftaly akajibu upesi. Ploti ya gereji ni ya Mzee Gikonyo. Mzee akikohoa, Naftaly ndiye anayekunywa dawa.

Kisha akanigeukia. "Wewe wa diploma. Hiyo kazi ni yako."

Nilienda bucha ya jirani nikaazima mizani ya kuning'iniza. Wanaume wakaacha kazi ili wacheke vizuri.

"Aluoch anapima nyama ya gari."

"Dada, niwekee nusu kilo bila mfupa."

Nilifunga kamba kwenye ukingo wa kifuniko, nikasoma uzito wake pamoja na spoila, nikapiga hesabu. Shoki dhaifu hazishiki kifuniko. Zenye nguvu kupita kiasi hukunja bawaba. Lazima zilingane na mzigo.

Tonny peke yake ndiye aliyekuja kusimama karibu.

"Nyaminwa," akasema. Ananiita hivyo, dada yetu kwa Kiluo, ingawa sisi si ndugu. "Hizo unaagiza, zinaweza kushika dirisha la bati?"

"Zito kiasi gani?"

"Kama hii tu."

"Zitashika. Hata miaka kumi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi chini ya lori alilokuwa akilitengeneza. Sikumuuliza dirisha gani. Nilikuwa na aibu ya kuuliza watu mambo yao.

Jozi ililetwa kutoka mjini, mpya, bado kwenye nailoni. Kabla ya kufunga spea yoyote huwa naitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, ya mama yangu. Ni tabia niliyotoka nayo chuoni, ili niitambue kazi yangu hata baada ya mwaka. Kwa ajili hiyo Naftaly hunichokoza kwa jina la Saluni. Nikatia nukta moja kwenye kila shoki, karibu na shingo.

Jumatano saa nane, jua likiwa kali, nikamaliza. Nilibonyeza kitasa na kifuniko kikapanda polepole, kikasimama kimya.

Tonny akapiga makofi mara moja. "Haya, chekeni sasa," akawaambia wenzake.

Hawakucheka. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote pale, na ilidumu hadi saa kumi na moja, nilipoondoka. Jumatano ni siku ya mazoezi ya kwaya. Tonny alibaki kufunga gereji, kama kawaida.

Alhamisi ilikuja na baridi ya Julai, ile ya kutoa moshi mdomoni. Nilifika wa kwanza kati ya mafundi. Naftaly alikuwa tayari anazunguka uwanjani na simu sikioni.

"Mzee anakuja saa tatu," akaniambia. "Hiyo fimbo ya zamani bado iko ndani?"

"Iko, bosi."

"Itoe. Ifunge na gazeti, uweke kwa kiti."

Naftaly ana sheria moja inayojulikana Kawangware nzima: cha zamani kinarudi kwa mwenyewe. Ukibadilishiwa plagi, unapewa plagi kuukuu mkononi, usiende kusema ulidanganywa. Ndiyo sheria iliyomjengea jina.

Chuoni mwalimu wetu alitufundisha vingine. Alisema fimbo ya zamani ikae mahali pake angalau wiki mbili, hata kama shoki ni za dhahabu. Gesi hunywea kwenye baridi, na shoki iliyosimama vizuri mchana inaweza kukusaliti asubuhi. Nilikumbuka sentensi yote, hadi sauti yake.

"Bosi," nikasema.

"Nini?"

"Hakuna."

Nikafungua kifuniko. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Kifuniko hakikupanda kama jana. Kilipanda kwa uvivu, kikasita, kikasimama. Niliona. Nikajiambia ni baridi tu, jua likitoka kitachangamka. Nukta zangu sikuzitafuta. Nani hutafuta alama yake kwenye kazi aliyoifunga jana?

Nikaegemeza kifuniko kwa bega, nikafungua bolti moja ya namba kumi, fimbo ikatoka. Nikafunga kifuniko. Nikaiviringisha fimbo kwenye gazeti.

Tonny akaingia na chai ya wote kwenye thamosi.

"Angalieni mafuta ya injini mara ya mwisho," Naftaly akasema.

"Mimi naangalia," Tonny akajibu, haraka, kabla sijapiga hatua. Alikaribia kumwaga chai.

Akafungua. Kifuniko kikapanda, kikasimama. Nilikuwa upande wa pili nikitafuta kitambaa. Akainama, mkono wa kushoto ukavuta kijiti cha kupimia mafuta, na wa kulia ukaenda pembeni, pale fimbo inapolala siku zote. Macho yake yalikuwa kwenye mafuta. Mkono ulikuwa unajua njia.

Ukapapasa. Ukarudi. Ukapapasa tena.

"Aluoch, fimbo iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Kifuniko kilishuka kabla ya sauti yangu.

Nitasema hili tu: kwenye ukingo wa kifuniko kuna ulimi wa chuma wa kufungia, na spoila yote ilikuwa juu yake. Tonny hakupiga kelele. Alisema, "Inua," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba spana.

Hospitalini walihangaika na kidole cha shahada na cha kati hadi Ijumaa. Jumamosi wakavikata.

Jumatatu Naftaly aliniita kwenye kile chumba anachokiita ofisi.

"Wewe ndio una mwandiko mzuri. Kaa. Andika: Mimi Aluoch, niliyekuwepo, nasema ajali ilisababishwa na uzembe wa Tonny mwenyewe. Ongeza alikuwa ananuka chang'aa."

"Hakuwa ananuka."

"Basi toa ya chang'aa. Hiyo ingine andika."

"Bosi, Tonny amekuwa hapa miaka tisa."

"Na mimi nimekuwa hapa kumi na nne. Nikisema ni makosa ya gereji, nimlipe fidia, tufunge, hawa wote waende wapi? Wewe uende wapi, Saluni?" Akapunguza sauti. "Mzee amenipigia mara sita. Anauliza gari yake. Hajauliza mkono hata siku moja."

"Akiandikiwa uzembe atarudi kazini?"

"Arudi kushika spana na nini?"

Akasukuma karatasi hadi kifuani kwangu. "Kesho asubuhi iwe hapa, na saini."

Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, fimbo. Ningesema fimbo, kosa lingemtoka Tonny, na angepata haki yake. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa ovaroli.

Lakini safari hii nilikuwa nimeamua. Nitamwambia Tonny kwanza, jioni hiyohiyo. Kisha Naftaly. Kisha yeyote atakayeuliza. Nilitembea kutoka Kawangware hadi Kisumu Ndogo nikiyarudia maneno midomoni. Watu wakanipisha wakidhani nasali.

Mke wa Tonny anaitwa Filister, lakini sote humwita Mama Audrey. Anauza omena na samaki wa kukaanga kwenye kibanda kilicho mbele ya chumba chao. Kibanda kina dirisha zito la bati na mbao, linalofunguka kwa juu na kuwafunika wateja. Siku zote alikuwa analiegemeza kwa mti. Mwezi uliopita mti uliteleza, dirisha likamshukia begani, na wiki mbili hakuweza kuinua sufuria.

Nilimkuta ndio anawasha jiko. Dirisha lilikuwa bado limefungwa. Nilikuwa nimebeba maziwa na sukari.

"Nyaminwa, karibu. Wewe ndio wa kwanza kutoka kwa kazi. Wengine wananitumia pole kwa simu, kama pole inakaangwa."

"Baba Audrey anaendeleaje?"

"Amelala. Hasemi sana. Ngoja nifungue, wateja wanaanza kupita."

Akavuta komeo. Akaligusa dirisha kwa kidole, na dirisha likapanda polepole, likasimama kimya.

Mwili wangu ulijua kabla ya macho.

"Umeona?" Mama Audrey akatabasamu kidogo. "Siku hizi sisi pia ni wa kisasa. Nilitoka kwaya Jumatano nikaikuta tayari. Alifunga hata kabla ya kula. Akaniambia, hii haitakuangukia tena. Halafu kesho yake tu..." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mungu naye anapanga vitu vyake kwa njia ya ajabu."

Nikainua macho. Nguzo mbili nyeusi, moja kila upande, shingo nyembamba chini kama nilivyozifunga mimi. Na kwenye kila shingo, nukta nyekundu ya mama yangu.

Nyuma ya gereji yetu kuna gari la familia lililokufa miaka miwili iliyopita. Mlango wake wa nyuma ulikuwa na shoki za urefu uleule.

Nikaelewa kwa nini kifuniko kilipanda kivivu. Nikaelewa haraka ile ya "mimi naangalia". Na nikaelewa jambo lililokuwa limeninyima usingizi siku nne, kwa nini fundi mwenye shoki mpya mbele yake alikuwa akitafuta fimbo.

Mama Audrey alikwenda kuchota maji. Pazia la chumba likasogea. Tonny alisimama pale, mkono mweupe wa bandeji ukining'inia shingoni. Akaona nilipokuwa nikitazama.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

Akakaa kwenye stuli. "Nilizijaribu zile kuukuu jioni, zikashika. Nilijua asubuhi na baridi zinaweza kulegea. Nikasema nitafungua mimi, niweke fimbo, nimwambie Mzee aitumie siku chache, shoki zizoee. Wiki ijayo ningepata zingine. Hakuna mtu angejua."

"Fimbo niliitoa mimi."

"Najua."

"Niliona kifuniko kimechoka, Tonny. Niliona, nikanyamaza. Chuoni walituambia tusiitoe."

"Najua, nyaminwa. Nilijua nilipopapasa."

Jirani alikuwa anampigia mtoto kelele avae viatu.

Nikatoa karatasi mfukoni. "Naftaly anataka niandike uzembe wako. Sitaandika. Kesho nasema ukweli, nasema fimbo niliitoa mimi. Utalipwa."

Tonny akaisoma karatasi tupu kama ina maneno.

"Ukisema fimbo," akasema, "swali la pili ni gani?"

Akanirudishia karatasi.

"Watauliza shoki mpya zinataka fimbo ya nini. Watazifungua waziangalie. Halafu watauliza mpya ziko wapi." Akaelekeza kidevu juu, kwenye dirisha. "Andika uzembe. Uzembe haumfungi mtu. Mwizi anafungwa, na Audrey anaitwa mtoto wa mwizi mpaka aolewe."

"Na mtakula nini?"

"Hiyo," akasema, kidevu bado juu. "Tutakula hiyo dirisha."

Nilikuwa nimekuja kumletea ukweli. Kumbe ukweli wangu ndio ungemmaliza. Nikaiweka karatasi juu ya goti, nikatoa kalamu. Nikaandika, "Mimi Aluoch." Hapo mkono ukakwama.

"Hodi hapa."

Naijua sauti hiyo. Naftaly alikuwa amesimama kichochoroni na pakiti mbili za unga kifuani, na nyuma yake Mzee Gikonyo, akikanyaga kwa uangalifu kama mtu anayehurumia viatu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mama Audrey alirudi mbio na ndoo yake.

"Karibuni, karibuni. Ingieni hapa chini msinyeshewe."

Wakaingia chini ya dirisha.

"Pole, fundi," Mzee Gikonyo akamwambia Tonny. Aliutazama mkono kidogo, akaacha. "Nimekuja kukuona. Na pia kuna kitu nataka kuelewa. Leo nimechukua gari nikapeleka kwa fundi mwingine. Anasema hizo shoki ziko kwa gari yangu ni za zamani, zimeisha gesi. Naftaly anasema alinunua mpya. Sasa mmoja wenu anieleze."

"Mzee, hayo tutaongea tukiwa nje," Naftaly akasema.

"Niko nje."

Tonny aliinamisha macho. Sijawahi kumwona akiogopa, hata siku ile.

Upepo ukaleta manyunyu hadi kwenye karai la mafuta, yakachachatika. Mama Audrey akaushika ukingo wa dirisha, akalivuta chini kidogo, akazuia mvua kwa muda. Alipoliachia, likapanda lenyewe, taratibu, likasimama.

Mzee Gikonyo akalifuata kwa macho. Uso wake ukalegea kwa kupendezwa, kama uso wa mtu anayependa mashine.

"Mama, hii ni kitu safi sana," akasema. "Hivyo ndivyo nilitaka yangu ifanye. Nani alikufungia?"

Mama Audrey akatabasamu. Alikuwa anajivunia. Akamgeukia mumewe, na midomo yake ikaanza kutengeneza jina.

"Ni mimi," nikasema.

Nilisema kwa nguvu hadi wateja wawili wakageuka. Sijui sauti hiyo ilikuwa imejificha wapi miaka yangu yote.

Naftaly alinitazama. Kisha akainua kichwa, polepole. Nilimwona akiipata nukta ya kwanza. Nilimwona akiitafuta ya pili, akaipata.

"Saluni," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilizitoa Jumatano jioni," nikaendelea, kabla moyo haujageuka. "Nikafunga za lile gari lililokufa. Fimbo pia niliitoa mimi. Tonny hakujua chochote. Hapa nilimwambia ni zawadi."

Nyuma yangu nikasikia stuli ikikwaruza sakafu. Tonny alikuwa amesimama. Sikugeuka, nikihofia macho yake yatanivunja.

Mzee Gikonyo akatoa simu mfukoni, bila haraka. Naftaly akaziweka chini pakiti za unga.

Mama Audrey ndiye aliyebaki vilevile, mwiko wa kukaangia mkononi, tabasamu likiwa bado halijamtoka vizuri. Alinitazama mimi, akamtazama mumewe, akanirudia, kama anavyomtazama Audrey akisema ameshanawa mikono.

"Wewe?" akasema. "Aluoch, Jumatano jioni si tulikuwa kwaya na wewe mpaka saa mbili?"